Barua kwa mwanangu anayeleta wageni Kusini

Mikindani, Mtwara

Mwanangu,

Salamu. Huku sote wazima, jua kali, korosho zimeanza kudondoka. Ujumbe wako nimeupata: unakuja na wenzako wa chuo, na wanataka kuona vitu vya ajabu vya Kusini, si kuota jua tu. Vipo. Ila jua mapema kwamba vingi ni vitu ambavyo havipo tena. Reli iling'olewa, mifupa ya dinosaria ilipakiwa melini, na nchi ya yule Mzungu wa Msimbati ilikufa. Mgeni akisimama pale bila kuelezwa ataona nyasi na mchanga, kwa hiyo mzigo wa kueleza ni wako.

Panga safari kwa kufuata mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Juma moja baadaye ni maji mafu, bahari haitoki mbali, na saa nne asubuhi ndiyo imejaa. Ukiwaleta siku hizo utajutia Msimbati.

Msimbati ni kilomita 40 na kitu kutoka Mtwara mjini, njia ya Madimba. Kutoka kijijini hadi Ruvula magari hupita ufukweni kabisa, juu ya mchanga mgumu uliolowa, maji yakiwa yametoka. Wageni hukwama pale kila mwaka, na sababu ni zile zile: wamechelewa, au matairi yamejaa upepo kama wanakwenda Dar. Simamisha gari kabla ya mchanga. Punguza upepo wa matairi yote manne hadi psi 18 au 20. Tairi likilegea hukanyaga eneo pana, uzito unatawanyika, halizami. Ingiza fo-bai-fo hapo hapo, usingoje kukwama. Shika mwendo mmoja, usikate kona kali, usifunge breki ghafla. Gari likizama, dereva aondoe mguu kwenye mafuta, maana tairi linalozunguka bure linajichimbia. Abiria washuke wote, mfukue mchanga mbele ya kila tairi, mlaze makuti chini yake, ndipo aondoke taratibu huku mnasukuma. Siku ya bamvua mpite kati ya saa mbili na saa sita mchana. Mkipitwa, tulieni Ruvula hadi usiku maji yatoke tena, au mrudi kwa njia ya ndani yenye mchanga mlaini, ambayo nayo si ya kuibeza. Mkifika mjini, gari lioshwe chini kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo. Chumvi hula chuma polepole, na mwenye gari atagundua miezi baadaye.

Eneo lote hilo limo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio. Lipeni, mchukue risiti, na msiokote matumbawe wala makombe. Ruvula kina hukatika karibu sana na ufukwe, kwa hiyo asiyejua kuogelea aishie magotini. Mkija kabla Oktoba haijaisha, mtazame mbali baharini, nyangumi hupita.

Mkiwa mmekaa kivulini ndipo uwaeleze habari ya Leslie-Moore, Mwingereza aliyestaafu utumishi wa serikali ya kikoloni akahamia Msimbati. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitangaza kuwa Msimbati ni nchi huru, akapandisha bendera yake mwenyewe na kujiita sultani. Tanganyika ikapata uhuru 1961 yeye bado anajihesabu mtawala, mpaka hatimaye akaondolewa. Wanaodhani visa vya ajabu vya pwani ni vya majini tu, waanze na huyo.

Hapa Mikindani waleteni alasiri, jua likiwa limelegea. Boma la Wajerumani ni la 1895, siku hizi ni hoteli, na ukiomba kwa adabu utapandishwa mnarani uone ghuba nzima. Kuna jumba lenye kibao cha Livingstone. Usiape kwamba alilala humo. La hakika ni kwamba mwaka 1866 alishuka Mikindani akaanza safari yake ya mwisho ya bara, na alikuja na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu wa kufugwa na punda, apime kama watastahimili mbung'o. Mnyama mmoja mmoja alikufa njiani. Ngamia wakishushwa ghuba hii! Mimi naona hilo linazidi kibao.

Waonyeshe pia magofu kwa makini. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zilibebwa na boriti za mikoko. Waambie wapime upana wa vyumba kwa hatua: vingi havizidi mita tatu, hata katika jumba la tajiri, kwa sababu boriti ya mkoko ndefu kuliko hapo hulegea ikibeba dari nzito. Urefu wa chumba ulitegemea mfuko wa mwenyewe, upana uliamuliwa na mti. Nyumba hufa kuanzia juu. Paa likitoboka, mvua hupenya katikati ya ukuta, chokaa hulainika, mizizi ikaingia, ukuta ukapasuka pande mbili. Ndiyo maana hakuna kupanda wala kuegemea kwa ajili ya picha. Na mlango wenye nakshi una mwenyewe ndani. Pigeni hodi kabla ya kupiga picha.

Mtwara mjini mgeni hushangaa barabara pana kuliko magari. Waeleze mpango wa karanga: Waingereza walianza 1947, wakitaka mafuta ya kula baada ya vita, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu za kulima. Mji na bandari vikachorwa kwa ajili ya shehena hiyo. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha, pauni milioni 36 hivi zimepotea, na bandari ikafunguliwa karanga hazipo. Reli ya Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ndiyo iliyosalia, inasafirisha korosho.

Lindi ni kilomita 105 hivi, lami tupu. Tendaguru yenyewe, kilima kilikochimbwa mifupa ya dinosaria, msiende. Iko kama kilomita 60 kaskazini magharibi mwa Lindi mjini, njia ni mbaya, na mtakuta kilima na vichaka. Tena kuokota kisukuku na kuondoka nacho ni kosa kisheria. Simama nao bandarini Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Sattler, aliona mfupa mkubwa umejitokeza ardhini. Kati ya 1909 na 1913 watu wa makumbusho ya Berlin walichimba pale, na wachimbaji wenyewe walikuwa watu wa huku, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilipakwa udongo na plasta, vipande vingi vikafungwa kwa mianzi, kisha ikabebwa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka Lindi. Jumla ilikuwa tani 250 hivi.  Mmoja wa dinosaria hao, Giraffatitan, amesimamishwa Berlin, kimo chake mita 13.27, sawa na nyumba ya ghorofa nne. Aliishi miaka milioni 150 iliyopita. Kama arejeshwe au asirejeshwe, waache wabishane wenyewe huku mnavuka kwa kivuko kwenda Kitunda.

Komba wa Rondo usiwaahidi. Ana gramu 60 hivi, hutoka usiku, na anakaa msituni juu. Mtapoteza usiku mzima bure.

Njiani nunueni ming'oko, viazi vya porini, iliyochemshwa kwa chumvi, mmenye ganda na kula ikiwa na joto. Mabibo yanaliwa, ila atakayeona korosho mbichi ikining'inia chini ya bibo asiipasue kwa meno: maganda yana mafuta yanayochoma midomo hadi ngozi itoke.

Pampu ya upepo na koleo viko kwa mjomba wako. Mpigie kabla ya Ijumaa, maana akishakwenda shambani simu haishiki.

Mama yako