Shukrani kwa Fundi Wangu wa Matondoni

Jina lako silitaji kwa kuwa hukupenda kutajwa, lakini waliokaa nawe chini ya lile banda la makuti pale Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu, watakujua. Ahsante sana, mzee wangu. Ulinipokea sijui tezo wala randa, ukanifundisha kuunda vijahazi vidogo vya mapambo kwa heshima ileile ya vikubwa: mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kwanza, kisha kila taruma, yaani ubavu wake, mahali pake.

Wengine hugandisha tu kwa gundi. Wewe ulishika keekee ya kutobolea, uta wa kuizungushia ukienda na kurudi taratibu, kila tundu la msumari litobolewe kabla ili ubao usipasuke. Hata maungio ulitaka yakalafatiwe, yaani yazibwe kwa pamba iliyolowa mafuta, ingawa chombo chenyewe kingekaa kabatini. Na omo, yaani sehemu ya mbele, la jahazi la Lamu, ulisisitiza, husimama wima. Likilala, hilo la Unguja.

Hukunidai hata senti. Wanafunzi nilio nao leo wanafaidi ujuzi wako, na kila anayesifu kazi yangu namwambia sifa ni zako. Mola akurehemu, akulaze mahali pema peponi, na awape wanao subira na baraka. Amin.