Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Usalama wa Damu Wodini

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu ilichagua jambo moja na kulishikilia: namna damu inavyotundikwa wodini. Shughuli nyingine za chama ziliendelea, na za fedha mtasomewa na mweka hazina.

Damu tunayoletewa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama huwa imekwisha kupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Hatari iliyobaki kwa sehemu kubwa iko mikononi mwetu: sampuli inayoandikwa jina mezani badala ya kitandani, chupa inayochukuliwa kwa haraka usiku, mgonjwa anayeachwa peke yake damu ikianza kuingia. Mwenye kundi O akitundikiwa damu ya kundi A, mililita chache zinaweza kutosha kumpeleka pabaya. Uingereza walipoanza mwaka 1996 kukusanya taarifa za madhara ya damu nchi nzima, kundi lililoongoza lilikuwa la wagonjwa waliopewa damu iliyokusudiwa mtu mwingine.

Kwa hiyo mafunzo tuliyapeleka wodini, hasa zamu ya usiku. Semina ya hotelini ina raha yake, sikatai, ila anayekwenda ni kiongozi wa wodi, na anayetundika damu saa tisa usiku ni mwingine kabisa.

Zoezi lililozua mjadala ni la kumuuliza mgonjwa jina. Wengi tumezoea kusema, “Wewe ndiye Asha Juma?” Mgonjwa mwenye homa kali, au aliyetoka sasa hivi chumba cha upasuaji, ataitikia “ndiyo” hata ukimwita jina la jirani yake. Tunachofundisha sasa ni kumuuliza, “Jina lako kamili ni nani?” na kumwacha aseme mwenyewe, mtoto asemewe na mama au mlezi wake. Kisha watu wawili walinganishe jina na namba ya faili kwenye fomu ya krosimechi (kipimo cha kulinganisha damu ya mgonjwa na ya chupa) na kwenye lebo ya chupa, wakisoma kwa sauti, wakiwa wamesimama kando ya kitanda. Akina Asha Juma wawili katika wodi moja tumewaona wengi tu. Namba za faili ndizo zinazowatofautisha.

Baadhi yenu mliuliza: zamu ina muuguzi mmoja, huyo wa pili atoke wapi? Hoja ni ya kweli. Tulikubaliana aitwe tabibu wa zamu au mtu wa maabara, na wakikosekana wote wawili suala lipelekwe kwa uongozi wa hospitali, kwa sababu upungufu wa watumishi hauzibwi kwa kumlaumu muuguzi.

Mwongozo wa ukurasa mmoja umebandikwa pale dripu zinapoandaliwa. Damu ianze ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye friji ya benki ya damu, imalizike ndani ya saa 4. Isipashwe kwenye beseni la maji ya moto. Mrija wake usichanganywe na dripu ya glukosi wala dawa yoyote. Joto, mapigo na presha vipimwe kabla, kisha dakika 15 baada ya kuanza, na mgonjwa asiachwe katika dakika hizo. Akitetemeka, akilalamika maumivu ya kiuno au akikojoa mkojo mwekundu, funga damu kwanza, acha mshipa wazi kwa maji ya chumvi, ndipo umwite daktari.

Upande wa madaktari kazi bado ni kubwa. Utafiti uliofanyika Uganda na Malawi kwa watoto zaidi ya 3,000, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mtoto mwenye wingi wa damu (hemoglobini) kati ya gramu 4 na 6 kwa desilita, asiye na dalili za hatari, anaweza kusubiri bila vifo kuongezeka kwa kiasi cha kuthibitika. Lakini karibu nusu ya waliosubirishwa walikuja kuhitaji damu. Kusubiri maana yake ni kupima tena na tena. Asiye na uhakika wa kupima usiku asisubirishe mtoto. Na mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua hahusiki na hesabu hizi hata kidogo, maana kipimo cha mwanzo huweza kuonyesha wingi mzuri huku damu ikimwagika.

Fomu za madhara ya damu zinarudi chache mno. Siamini kwamba madhara hayatokei. Naamini watu wanaogopa barua ya onyo. Kamati inapendekeza fomu hizo zijadiliwe na kamati ya damu ya kila hospitali bila jina la aliyetundika, na kila mwanachama ashawishi kamati ya kwao ikutane walau kila robo mwaka. Pendekezo hilo liko kwenye ajenda ya leo, nanyi ndio mtakaolipigia kura.