Feni na pakiti ya maziwa haviondoi joto kiwandani

Mhariri,

Wafanyakazi wakilalamikia joto, jibu la haraka huwa feni kubwa mlangoni na pakiti ya maziwa kwa kila mmoja. Maziwa ni chakula kizuri lakini hayapoozi mwili. Feni nayo, ikipuliza hewa iliyopita joto la ngozi, yaani nyuzi 35 hivi, inaweza kumwongezea mtu joto badala ya kumpunguzia. Tunaandika kuhusu viwanda vya sukari na vya sukari nguru kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Bungoma, ingawa wenye matanuri ya mikate na vikaushio vya majani chai watajiona humu pia.

Kosa la kwanza liko kwenye kipimo. Kipimajoto cha ukutani husoma hewa peke yake. Hakioni miali ya joto inayotoka kwenye boila, wala hakijui kwamba hewa imejaa mvuke kiasi cha jasho kukataa kukauka. Jasho lisilokauka halimpoozi mtu, linamdondoka tu. Ndiyo maana nyuzi 31 za Kisumu, kando ya ziwa, si sawa na nyuzi 31 za Lodwar, penye hewa kavu.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 7243 hutumia vipimajoto viwili kwa kazi za ndani. Kimoja huvishwa utambi wa pamba uliolowa maji, na kingine hutiwa ndani ya tufe la shaba la sentimita 15 lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Chukua asilimia 70 ya kile cha kwanza, ujumlishe asilimia 30 ya kile cha pili. Kwa aliyekwisha kuzoea joto, jibu kwa kazi ya wastani lisipite nyuzi 28, na kwa kazi nzito, kama kubeba magunia ya kilo 50, lisipite 26. Kwa mgeni ni 26 na 23.

Tuchukue mfano wa ukumbi wa kuchemshia maji ya miwa: utambi unasoma 26, tufe linasoma 40. Hesabu inatoa 30.2, na hata kazi ya wastani imepita mpaka. Sasa mabomba ya mvuke yafunikwe, tufe lishuke hadi 34: tunapata 28.4. Mvuke unaovuja uzibwe, utambi ushuke hadi 24: tunafika 27. Hapo hatujanunua feni hata moja.

Kufunika mabomba kuna ufundi wake. Pamba ya mawe, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa zinazozuia joto, hufungwa kuzunguka bomba, kisha juu yake bati la alumini. Bomba refu lililonyooka kwa kawaida limefunikwa vizuri. Shida iko kwenye vali na maungio. Fundi akifungua vali kuirekebisha, huvua kifuniko, na kifuniko hicho hakirudi tena. Dawa yake ni koti la vali la kufungwa kwa kamba au vibanio, linalovuliwa na kurudishwa kwa dakika chache. Pia kagua kama pamba imelowa. Bati likipasuka maji huingia, na pamba iliyolowa hupitisha joto karibu kana kwamba haipo. Kwa uvujaji, anza na pakingi za vali, yaani vizibo vinavyozuia mvuke kutoka kando ya mhimili, na mitego ya mvuke, yaani vali ndogo za kutoa maji bila kuachia mvuke, iliyokwama ikiwa wazi. Mhasibu asiyesikia habari ya jasho atasikia habari ya mvuke: kila unaopotea umegharimu makapi ya miwa au kuni.

Hewa ya moto hupanda yenyewe ikipewa njia. Acha mwanya kwenye kipaa cha mabati, na chini weka matundu ya kuingizia hewa yenye ukubwa usiopungua ule wa mwanya wa juu. Kisumu upepo wa mchana hutoka ziwani, kwa hiyo matundu yawe upande huo. Mara nyingi upande huo ndio uliorundikwa magunia. Kwenye vinu vya sukari nguru, mlango wa kuchochea moto uwe nje ya ukuta, si chini ya miguu ya anayekoroga.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kurudi kazini. Mwili huzoea joto kwa siku 7 hadi 14, na huanza kusahau baada ya takriban wiki moja nje. Viwanda vya sukari hufungwa kwa matengenezo, na mwaka 2023 serikali ilisimamisha usagaji kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae. Boila zikiwashwa tena, mzoefu wa miaka kumi mwili wake haukumbuki joto. Arudi kwa nusu ya muda wa joto siku ya kwanza, asilimia 60 ya pili, 80 ya tatu, kisha zamu kamili. Kibarua mpya aanze na asilimia 20, aongezewe 20 kila siku. Wasimamizi hufanya kinyume kabisa: mgeni ndiye anayesukumwa kwenye kona ya moto kwa sababu wenyeji wanaikwepa.

Maji ni robo lita kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu, na yasizidi takriban lita 1.4 kwa saa. Watu 30 kwa zamu ya saa 8 wanahitaji lita 180 hadi 240. Dumu la lita 20 langoni ni pambo. Na choo kikiwa mbali, au ruhusa ya kwenda ikiwa ya kubembeleza, watu hawatakunywa hata ukiwawekea tangi. Anayelipwa kwa gunia naye hatapumzika, kwa maana kila dakika ya kivuli inamkata mshahara; muda wa mapumziko ulipwe.

Mtu akianza kupayuka, kuyumba au kuanguka penye joto, hiyo ni dharura, hata kama bado anatokwa jasho. Usimpe panadol, haisaidii hapa, na usimpe kinywaji akiwa amechanganyikiwa. Mpoozeni kwanza, safari ya hospitali ije baadaye. Watu wanne hadi sita washike kingo za turubai, alazwe katikati, kichwa kikiwa juu ya maji, amwagiwe maji yenye barafu huku yakitikiswa. Lengo ni kuushusha mwili chini ya nyuzi 39 ndani ya dakika 30. Barafu ya samaki haikosekani Kisumu. Kilichokosekana ni turubai lililotengwa kwa kazi hiyo na simu ya anayeuza barafu ubaoni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai hewa safi ya kutosha katika kila chumba cha kazi, ukaguzi kila baada ya miezi 12, na kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Wanakamati waombe mambo mawili kwenye ukaguzi ujao: usomaji wa utambi na tufe uandikwe, ukichukuliwa saa nane mchana mwezi wa Februari palepale mfanyakazi anaposimama, si ofisini, na orodha ya vali zote zisizo na koti.

Ni sisi mafundi wa mvuke na wanakamati wa usalama kazini,
Kisumu