Ukurasa wa wanawake si adhabu

Mhariri,

Wapo wanaodhani mwandishi akipangiwa habari za wanawake na familia amewekwa benchi. Sikubaliani nao. Fatma Alloo na wenzake walioanzisha TAMWA, chama cha wanahabari wanawake Tanzania, mwaka 1987 walizichukua habari hizohizo za vipigo na ubakaji wakazipa jarida zima, Sauti ya Siti. Kelele zao zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998.

Siku hizi semina ya maendeleo ikifanyika hotelini, tunaletewa hotuba ya mgeni rasmi, basi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilitaka kifungu cha Sheria ya Ndoa kinachoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kirekebishwe. Nani kwenu analifuatilia? Mpeni mwandishi mmoja wiki nzima vijijini, na nauli.

Msomaji wenu,
Tanga