Hanang haikulipuka

Ndugu Mhariri,

Nasoma jiolojia mwaka wa pili hapa Dodoma. Nina kaunta buku ninamobandika kila habari ya miamba na matetemeko ninayoikata magazetini. Muuza magazeti wa Sabasaba huniwekea ya jana kwa bei ya karatasi za kufungia, Mungu ambariki.

Ukurasa unaonikera ni wa Desemba 2023. Tope lilipoufunika mji wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3, minong'ono ya volkano ilitangulia. Hanang ni mlima wa volkano kweli, ila siku ile haikulipuka. Mvua ililowesha miamba laini, kipande cha mlima kikameguka, kikashuka na mawe na magogo hadi kwenye makazi ya watu. Serikali ilifafanua, lakini mama yangu mdogo wa Babati hadi leo ananiuliza ule moto utarudi lini.

Kipande kingine cha gazeti nilifungiwa karanga. Kinasema tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilikuwa na "asilimia 5.9". Asilimia ya nini? Hicho ni kipimo cha ukubwa, na kila namba moja ikipanda, nishati huongezeka mara 32 hivi. Nilicheka, kisha nikakumbuka watu walikufa Bukoba.

Mhariri, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko hapa hapa mjini. Mwandishi akipanda bodaboda atafika kabla chai haijapoa. Na mkichapa ramani, tafadhali msiibane pembeni mwa tangazo la sabuni. Gundi yangu inaishia kwenye sabuni.

Mwanafunzi wa jiolojia,
Dodoma