Picha zetu zimekosa maneno

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wachoraji wenzangu, pamoja na mafundi wanaowatengenezea tovuti, kuhusu lalamiko ninalolisikia kila tunapokutana: kwamba mtu amegharamika, tovuti yake inapendeza, lakini anayemtafuta kwenye Google huletewa watu wengine kabisa. Wengi huhitimisha kwamba mtandao unawapendelea wenye fedha. Nami niliamini hivyo mwaka mzima, mpaka nilipoketi kuichunguza tovuti yangu mwenyewe.

Kipimo cha kwanza ni chepesi mno, hata naona haya kwamba sikukijua mapema. Unaandika kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi, na hapo utaoneshwa kurasa zako ambazo injini hiyo ya utafutaji inazijua. Yangu haikuwa na hata ukurasa mmoja. Fundi aliyenijengea tovuti alikuwa ametia alama kwenye kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe, jambo la busara wakati kazi haijakamilika, kisha akanikabidhi bila kuiondoa. Alama moja ya vema ilinifungia mlango mwaka mzima.

Nilipoiondoa, tovuti ilianza kuonekana baada ya wiki kadhaa, lakini kwa yule tu aliyejua jina langu kamili, kwa kuwa jina hilo limo katika anwani. Kosa lililobaki lilikuwa langu, si la fundi, na ndilo lililonisukuma kuandika barua hii. Ukurasa wangu wa mbele ulikuwa picha moja kubwa, na maneno yote ya kunitambulisha nilikuwa nimeyachora kwa mkono humo humo ndani ya picha. Kazi zangu zilibeba majina ya faili zilizopewa na kamera, IMG_4471, IMG_4472 na kuendelea, na chini yake hapakuwa na kitu ila majina ya picha niliyoyapenda mwenyewe: "Subira", "Bila Jina Namba 4". Ni nani aliyewahi kuketi akatafuta "Bila Jina Namba 4"?

Ni kweli kwamba siku hizi injini za utafutaji zinaweza kutambua baadhi ya vitu vilivyomo katika picha, lakini ili kujua picha inahusu nini bado hutegemea sana maneno yanayoizunguka: kichwa cha ukurasa, maelezo yaliyo chini ya picha, jina la faili, na yale maelezo mbadala yanayoandikwa ndani ya msimbo wa ukurasa, yaani maandishi ya kompyuta yanayoujenga. Maelezo mbadala yapo kwanza kwa ajili ya wasioona, ambao kompyuta huwasomea ukurasa kwa sauti, na kwangu hicho ndicho kipimo bora kuliko ushauri wote niliowahi kupewa: mweleze picha mtu asiyeiona, na roboti ya injini ya utafutaji nayo itakuelewa. Basi "Subira" nikaipa ukurasa wake peke yake, faili lake nikaliita mwanamke-akianua-nguo, na chini ya picha nikaandika: "Mwanamke akianua nguo kambani kabla ya mvua, rangi za mafuta juu ya turubai, sentimita 60 kwa 80, 2019." Nikaongeza aya mbili kueleza kwa nini wingu nililipaka kwa kisu badala ya brashi. Jina la picha, "Subira", sikuligusa. Mgeni wa kwanza kuniandikia baada ya hapo alisema alikuwa akitafuta mchoro wa mvua inayokaribia kunyesha, na ameukuta kwangu.

Niliandika kwa Kiswahili, na nawasihi wenzangu wafanye hivyo bila kuona kwamba wanajipunguzia soko, maana anayetafuta kwa Kiswahili hana kurasa nyingi za kuchagua kama anayetafuta kwa Kiingereza, na aliyeandika vizuri huonekana upesi. Najua wapo wanaosema picha njema haihitaji maelezo. Ukutani, labda.

Wapo pia wanaouza njia za mkato. Kuna aliyetaka kunijazia maneno muhimu mia moja katika sehemu ya msimbo isiyoonekana na msomaji, ilhali Google ilikwisha kutangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii maneno hayo kupanga matokeo. Mwingine aliniahidi nafasi ya kwanza. Google yenyewe huonya kwamba hakuna anayeweza kuihakikisha, kwa hiyo anayeahidi hivyo hastahili hata kusikilizwa mpaka mwisho.

Limebaki jambo ambalo mchoraji hawezi kulifanya peke yake. Tangu Larry Page na Sergey Brin waianzishe Google mwaka 1998, msingi mmoja wa kupima uzito wa ukurasa umekuwa viungo, yaani maneno ya kubofya, vinavyouelekea kutoka kurasa nyingine, hasa zile zinazoheshimika. Majumba ya sanaa huandika majina yetu katika matangazo ya maonesho na kuishia hapo. Nanyi magazeti, Mhariri, kwa heshima zote, mna desturi hiyo hiyo: mwandishi husifu kazi ya mchoraji katika toleo la mtandaoni, huweka na picha yake, lakini msomaji akitaka kuona zaidi hana pa kubofya. Ningeomba dawati lako la utamaduni liwe linamuuliza kila mchoraji anwani ya tovuti yake na kuiunganisha na jina lake pale linapotajwa kwa mara ya kwanza. Ni kazi ya nusu dakika kwa mhariri wa zamu, na kwa mchoraji ambaye tovuti yake haijulikani bado, kiungo hicho huenda kikawa cha kwanza.

Wako msomaji,
Mchoraji