Kidhibiti cha mota kisichaguliwe kwa bei pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wenzangu wanaolea klabu za roboti, pamoja na waandaaji wa mashindano ya shule, kuhusu kifaa kidogo kinachoamua matokeo mengi kuliko tunavyokiri: kidhibiti cha mwendo wa mota.

Klabu yetu ilianza na kidhibiti aina ya L298N, bodi ndogo inayopeleka umeme wa betri kwenye mota, kwa kuwa ni ya bei nafuu na haikosekani madukani. Roboti ilipoinuliwa mezani, magurudumu yakiwa hewani, ilikwenda vizuri. Lakini uwanjani, ilipoanza kusukumana na mpinzani, iliishiwa nguvu na bodi ikapata moto kiasi cha kutogusika. Wanafunzi walikesha wakirekebisha programu isiyokuwa na kosa lolote, na mimi mlezi wao ndiye niliyewaelekeza huko, jambo ambalo linaniuma hadi leo. Tulielewa siku tulipopima volti kwenye nyaya za mota.

L298N hutumia transista, yaani swichi za kielektroniki, za aina ya baipola, ambazo hula sehemu ya umeme kabla haujaifikia mota. Mkondo ukiwa ampea 1, upotevu huweza kuwa volti 1.8 hadi 3.2, na ukiwa ampea 2 huweza kufika volti 4.9. Kwa roboti yenye betri mbili za lithiamu, ambazo kwa pamoja hutoa volti 7.4, hiyo ni hasara kubwa mno, na yote hugeuka joto.

Bodi nyingine, TB6612FNG, hutumia transista za aina ya mosfeti, zenye ukinzani wa takriban omu 0.5, hivyo kwa ampea 1 hupoteza nusu volti tu. Kwa roboti nyepesi ya kufuata mstari, sioni sababu ya kutafuta nyingine. Hata hivyo, kwa kazi ya mfululizo hubeba ampea 1.2 kwa kila mota, ilhali mota ya roboti ya sumo, yaani ile ya kusukumana na mpinzani, inapozuiwa isizunguke huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida. Hapo ndipo inapofaa bodi ya BTS7960, inayobeba mkondo mkubwa zaidi, ijapokuwa kila mota huhitaji bodi yake. Ampea 43 zinazotangazwa na wauzaji zisimpotoshe mtu, kwa maana hicho ni kiwango ambacho chipu huanza kujizuia isiungue, wala si mzigo wa kubebeshwa muda wote.

Kwa hiyo nawasihi walimu, kabla ya kununua, washike gurudumu lisizunguke kwa sekunde moja, wapime mkondo unaovutwa, kisha ndipo wachague bodi.

Kwa waandaaji, nina ombi. Kanuni za FIRST Robotics Competition, mashindano ya roboti ya wanafunzi yaliyoanzia Marekani, hutaja waziwazi aina za vidhibiti zinazoruhusiwa, na kila mota hulindwa na kikata umeme chake. Kanuni nilizowahi kuletewa mimi zilitaja uzito na vipimo vya roboti, basi. Naomba ziongezwe orodha ya vidhibiti kwa kila daraja la uzito na sharti la fyuzi, na zitufikie kabla shule hazijapitisha bajeti za mwaka.

Mwalimu mlezi wa klabu ya roboti,
Morogoro